Miaka Yangu na Mioyo ya Mbuzi Vikongwe

Nimestaafu nikiwa na miaka kumi na saba. Nguvu bado ninazo, ila kidato cha nne kina mtihani wa taifa mwishoni, na Madamu Kokushubira, mwalimu wetu wa baiolojia, amenipokonya ufunguo wa banda ili nikasome. Kwa hiyo ninyi wadogo zangu mnaorithi mbuzi wa Klabu ya Sayansi, nawaandikia haya wakati harufu yao bado haijatoka kwenye sweta langu. Habari za vyeo tuziache: niliingia kazini kama mzoa mavi, nimetoka kama mzoa mavi mkuu. Mshahara nao tusiuguse, msije mkanichangia.

Kazi yenyewe niliipata kwa mdomo wangu. Tulikuwa kidato cha pili, Madamu anafundisha mzunguko wa damu, na mimi nilikuwa nimerudi juzi tu kutoka kumzika dada yake Bibi kule Mabira. Marehemu alikuwa akihema hata akitembea uani, miguu imevimba kama mikungu ya ndizi, na msibani kila aliyeuliza kilichomuua alijibiwa jibu moja: ni uzee tu. Mchungaji alisema uzee. Mwenyekiti wa kitongoji alisema uzee. Hata mchimba kaburi, ambaye kwa macho yangu alikuwa mzee kuliko marehemu, naye alisema uzee. Basi nikanyoosha mkono.

"Madamu, uzee unaua kwa kutumia nini?"

Darasa likacheka. Nilikuwa nimetaka wacheke, sikatai. Madamu hakucheka. Aliweka chaki chini, akapangusa vidole.

"Novatus, hilo ni swali zuri. Kwa bahati mbaya limetoka kwako."

Akatueleza jambo ambalo sikuwa nimewahi kulisikia. Alisema watafiti wa magonjwa ya moyo wanajifunza kwanza kwa wanyama, na kwa muda mrefu walipenda madume, tena madume vijana. Jike ana mizunguko ya homoni, wakaona atawavurugia hesabu. Mnyama mzee naye anahitaji kulishwa mpaka azeeke, na hiyo ni subira ambayo wengi hawana.

"Sasa niambieni," akasema, "huko kwenu anayehema akipanda mlima ni nani?"

"Bibi," akajibu Jovina, ambaye hujibu kila swali hata lisiloulizwa.

"Siyo panya dume kijana?"

"Hapana, Madamu."

Akaendelea kusema kwamba mwanamke akishakoma hedhi, homoni iliyokuwa inausaidia moyo wake hupungua, na moyo unaweza kuanza kukakamaa. Unasukuma damu vizuri tu, ila haulegei vya kutosha kuipokea. Damu inajazana nyuma kama watu kwenye mlango mdogo wa kanisa, maji yanaingia mapafuni na kushuka miguuni. Mama kama huyo mara nyingi hashiki kifua na kuanguka kama kwenye filamu. Anasema tu amechoka.

"Na akisema amechoka, tunamwambiaje?"

Jovina akashusha mkono aliokuwa ameanza kuunyoosha.

Hapo nikawa nimeacha mzaha, kwa sababu nilikuwa namfikiria Bibi mwenyewe, yule niliyebaki naye. Alikuwa ameanza kusimama njiani akitoka kisimani. Ukimtazama, anashika tawi la kahawa na kugeuza majani. "Naangalia kama imeshikwa na ugonjwa," anasema. Kahawa ileile, kila siku. Kanisani pia alikuwa ameacha kwenda, eti mahubiri ya redioni yana sauti nzuri zaidi. Dada yake alianza hivyohivyo. Na kumuuliza mtu mzima wa kwetu habari za mwili wake ni kazi bure. Umwamkie shikamoo, aseme marahaba, uulize hali, aseme mzima. Angekuwa amekatika mguu angesema mzima, halafu akuombe umsogezee huo mguu.

Adhabu yangu ya kuchekesha darasa ikawa kusafisha banda. Madamu alisema: "Hatuna maabara ya panya. Tuna mbuzi wa shule, na tuna kilima." Tungechukua majike wazee, majike vijana na beberu, tuwapandishe mpaka kwenye tangi la maji, halafu tusikilize moyo wa kila mmoja unachukua muda gani kutulia. Hakuna kisu, hakuna sindano. Mbuzi akigoma kupanda, mgomo wake unaheshimiwa.

Jovina akapinga, kama kawaida yake. "Lakini Madamu, mbuzi hakomi hedhi kama mama zetu. Anazaa mpaka anazeeka kabisa."

"Ndiyo maana anaitwa mfano," Madamu akasema. "Mfano siyo kitu chenyewe. Kila mnyama wa utafiti anakwambia nusu ya ukweli. Kazi yenu ni kujua ni nusu ipi."

Sentensi hiyo niliidharau kwa mwaka mzima. Ninyi msiidharau.

Siku yangu ya kwanza na kipimo cha kusikilizia moyo, ile stetoskopu, ilikuwa ya aibu. Bwana mifugo wa kata alituazima yake ya zamani, mpira wake umefungwa kwa plasta. Nikaibandika ubavuni kwa mbuzi na kutangaza mbele ya klabu nzima kwamba huyu mnyama ni mahututi, moyo wake unaunguruma kama lori la ndizi linalopanda mlima wa Kituntu.

Bwana mifugo akainama kutazama nilipobandika. "Kijana, hapo umesikiliza tumbo."

Kisha akanishika mkono na kuupeleka mahali pake: upande wa kushoto, nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele, chini kuliko unavyodhani. "Tulia. Usibane. Moyo hauitwi kwa nguvu." Nikausikia. Du-du, du-du, mdogo, wa haraka, kama mtu anayetwanga peke yake nyumba ya tatu. Nikasahau kutoa mzaha. Jovina anasema hiyo ndiyo dakika pekee ya ukimya niliyowahi kuichangia shule.

Mengine nilijifunza polepole. Usimpime mbuzi aliyeona majani ya viazi mkononi mwako, moyo utakuwa umeshakula kabla ya mdomo. Usimpime anayemtafuta mwanawe. Na beberu msimpime majike wanapopita, maana hizo takwimu hazihusu kilima.

Tabu ilikuwa kupata vikongwe. Mbuzi wa kwetu hazeeki: anafika Krismasi moja, au harusi moja, safari inaishia sufuriani. Tulizunguka kata yetu ya Nyakasimbi tukiomba kuazimwa majike wazee. Watu wakatuletea mbuzi wazuri, manyoya yanang'aa, wakiapa ni wazee kabisa. Bwana mifugo akifungua midomo anakuta meno ya vijana. Kumpa mwalimu mbuzi mzee ni kumtukana, hata kama mwalimu mwenyewe ndiye aliyeomba mzee. Ilibidi Madamu aende nyumba kwa nyumba kuwaomba watu wamtukane. Mwishowe tukapata wachache wa kweli, na hapo nikakumbuka Kibogoyo.

Kibogoyo alikuwa mbuzi wa Bibi. Alipewa na yule dada yake akiwa bado kitoto cha mbuzi, hivyo hakuna Krismasi iliyothubutu kumgusa. Meno ya mbele yalikuwa yameisha. Jina alimpa Bibi mwenyewe, ambaye naye ya mbele hana. "Tumezeeka pamoja," anasema, "ila yeye hana mjukuu wa kumsumbua."

Nikaenda Mabira na Jovina. Bibi alikuwa amekaa mlangoni anamenya ndizi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mume wangu, umekuja na mke mwingine?" Mnajua utani wa bibi na mjukuu, ila Jovina alitaka ardhi immeze. "Karibu, waitu, mwenzetu. Kaa hapa, mke mwenzangu. Huyu anakoroma, amekwambia?"

"Hali yako, Bibi?" nikauliza.

"Mzima."

Jovina akajikaza, akaanza maswali ya klabu. Kila mwenye mbuzi tulimuuliza hali ya mnyama nyumbani: anakula vipi, analala vipi, anatembea vipi. Wengi walijibu kwa maneno mawili. Bibi aliweka kisu chini.

"Kibogoyo amechoka," akasema. "Mchana hajambo. Jioni miguu yake inavimba, ukibonyeza kidole, shimo linabaki. Akitoka kisimani hafiki mpaka asimame mara mbili, tatu. Na kulala chini amekataa. Akilala chini anaona kama maji yanampanda kifuani. Lazima kichwa kiinuliwe."

Jovina alikuwa ananiangalia kwa macho makubwa. Yote aliyotufundisha Madamu yalikuwa ndani ya mbuzi mmoja, Mabira.

"Tangu lini, Bibi?"

"Tangu kabla ya msiba." Akachukua kisu tena. "Sikumwambia mtu. Mbuzi mzee, nani atamsikiliza?"

Tulimsafirisha Kibogoyo kwa bodaboda, mimi nimempakata kama bibi harusi. Njia nzima alinitafuna kola. Nilimsikitikia. Nilidhani nimebeba mgonjwa.

Klabu ilimpokea kama mgeni rasmi. Madamu alimtandikia majani makavu. Nikamwekea tofali la udongo chini ya majani ili kichwa kiinuke, kama alivyosema Bibi. Asubuhi nikamkuta amelala upande wa pili kabisa, chini, miguu imenyooka, na tofali amelikojolea.

Siku ya kilima tulimpandisha mwisho, polepole, Jovina nyuma tayari kumdaka. Kibogoyo akapanda. Akampita beberu. Akafika kwenye tangi la maji kabla yangu, akapanda juu ya tangi, akanisubiri. Nikasikiliza moyo wake huku mimi nikihema kiasi cha kushindwa kusikia. Vikongwe wenzake walikuwa wamechelewa kutulia kuliko majike vijana, kama tulivyotarajia. Kibogoyo alikuwa ametulia kabla sijamaliza kuvaa kipimo masikioni.

Tukarudia wiki iliyofuata. Na iliyofuata. Miguu nilimbonyeza kila jioni, hakuna shimo. Tukaanza kutafuta mchawi.

"Umemlisha nini?" Jovina akaniuliza.

"Nilichowalisha wote."

"Basi hiki kipimo kimekufa."

Tukamwita bwana mifugo na kipimo chake kizima. Alisikiliza kushoto, akasikiliza kulia, akainuka. "Huyu ana moyo wa mbeba matofali. Nani kasema anaumwa?"

"Mwenyewe. Mwenye mbuzi," nikajibu.

"Basi mwenye mbuzi kakosea," Jovina akasema. "Madamu, tumwondoe. Taarifa za nyumbani ni za uongo."

Nikakasirika kuliko nilivyotegemea. Nilimwambia Jovina kwamba Bibi yangu hasemi uongo, ananyonga kuku bila kupepesa macho na hasemi uongo. Madamu akatutuliza. Alisema mbuzi haondolewi kwa sababu amekataa kutufurahisha, na kama tumeelezwa jambo na mnyama hanalo, kuna kitu hatujakielewa, siyo kitu cha kufutwa. "Likizo fupi inakuja. Novatus, nenda ukamuulize Bibi tena. Uulize vizuri."

Nikaenda. Asubuhi yake Bibi alinituma chumbani kwake nikamletee kanga. Chumbani kwa Bibi huwa hatuingii hovyo. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, na upande wa kichwani, chini ya godoro, kulikuwa na gunia la maharage limesukumwa mpaka kitanda kimekuwa kama kiti. Chini ya kitanda zilikuwepo kandambili zake, mikanda imekatwa kwa kisu na kuungwa kwa kamba ya mgomba ili miguu ipate nafasi. Nikashika ile kanga muda mrefu kuliko kanga inavyoshikwa.

Lazima kichwa kiinuliwe. Mbuzi gani anainuliwa kichwa?

Wadogo zangu, nilisimama pale nikajiona mjinga wa kiwango cha wilaya mbili, Karagwe ya shule na Kyerwa ya Bibi. Mwaka mzima tulikuwa tunatafuta mnyama wa kutueleza habari za bibi zetu, kumbe Bibi alikuwa ameshampata wa kwake, na anatueleza habari zake mwenyewe kwa kinywa cha mbuzi. Sisi tukabeba mbuzi.

Nilitoka. Alikuwa amekaa palepale mlangoni. Ningeweza kusema, Bibi, unaumwa. Najua angejibu mzima, mlango ungefungwa, na safari ijayo hata habari za mbuzi nisingepewa. Nikakaa kwenye kigoda.

"Bibi, Kibogoyo tumemsikiliza."

Hakuinua macho. "Ehe."

"Madamu anasema hali kama ile siyo uzee. Ni moyo. Umekakamaa, damu inashindwa kupita, maji yanajaa kifuani."

"Dada yangu alisema hivyohivyo, kama maji." Akamenya ndizi nzima kabla ya kuendelea. "Na mbuzi wa hivyo anapona?"

"Kupona sijui. Lakini dawa zipo. Anapewa za kupunguza maji, anakojoa sana, anapumua. Kuna za presha. Analala. Ila hapewi hovyo, lazima apimwe kwanza."

"Apimwe wapi?"

"Hospitali ya wilaya."

"Mbuzi hapimwi hospitali ya watu, mume wangu."

"Hapimwi," nikasema. "Kwa hiyo lazima aende mtu."

Kuku wakapita. Mwanamke mmoja akasalimia kutoka njiani, Bibi akamwitikia kwamba sisi wazima wote. Akatazama zile ndizi, akatazama kilima cha kisimani na mistari yake ya kahawa.

"Yule mbuzi ni wa dada yangu," akasema mwishoni. "Nitamwendea."

Tulikwenda kwa bodaboda mbili, Bibi mbele amevaa gauni la kanisani, mimi nyuma nimebeba mkoba wake. Daktari alikuwa dada mmoja kijana. Akamwamkia, akauliza anajisikiaje.

"Mzima," akasema Bibi.

Daktari akanitazama. Mimi nikatazama ukuta.

"Bibi," nikasema, "mweleze daktari hali ya Kibogoyo."

Akamweleza yote: miguu, kisima, kulala. Nilisubiri daktari acheke, au aulize Kibogoyo ni nani. Yeye alisogeza kiti karibu.

"Huyo Kibogoyo akilala anainuliwa na mito mingapi?"

"Mito haitoshi. Gunia la maharage."

"Na akiamka kukohoa?"

"Anakaa ukingoni mwa kitanda mpaka itulie."

"Pole yake," daktari akasema, na akachukua stetoskopu yake, mpya, haina plasta. "Ngoja basi nisikilize hapa, kwa niaba yake."

Walimpima presha, wakampiga picha ya moyo. Ilikuwa kama Madamu alivyochora ubaoni: moyo unasukuma, haulegei. Daktari alisema tungemleta mapema ingekuwa bora, lakini hatujachelewa. Akampa dawa na tarehe ya kurudi. Mlangoni akamwambia, "Bibi, umwambie Kibogoyo apunguze chumvi."

"Chumvi ataacha," Bibi akasema. "Kahawa hataki kusikia."

Kwenye maonyesho ya shule tuliweka matokeo yetu kwenye ubao wa plaiwudi. Majike vikongwe wanachelewa kutulia, Kibogoyo hachelewi. Jovina, ambaye ndiye aliyetaka kumfuta, ndiye aliyemwandika kwa wino mwekundu. Mgeni mmoja akauliza huyu wa wino mwekundu ana faida gani kama hana ugonjwa. Jovina akamjibu kwamba huyo ndiye aliyesema nusu nyingine. Mgeni hakuelewa, akaenda kuangalia betri ya ndimu.

Sasa ninyi mnaobaki. Banda lipigwe fagio kabla ya kengele, siyo baada. Stetoskopu isikae juani, plasta inayeyuka. Beberu msimpe mgongo. Na mkienda kuazima mbuzi kwa mtu mzima, naye akaanza kueleza maradhi ya huyo mbuzi, msikimbilie kumtazama mbuzi. Kaeni kwenye kigoda. Mkipewa ndizi, menyeni.

Kibogoyo nilimrudisha Mabira mwenyewe, na kola nyingine ikaliwa. Jumapili iliyopita nilimpigia Bibi simu baada ya ibada, na haikupokelewa mpaka nilipojaribu mara ya pili, kwa sababu alikuwa bado njiani anarudi kutoka kanisani.

"Shikamoo, Bibi. Hali yako?"

"Marahaba, mume wangu. Mimi mzima."

"Na Kibogoyo?"

Nikasikia anakaa chini, kiti kinalia.

"Kibogoyo siku hizi analala," akasema. "Gunia la maharage tumelila. Na jana amepanda kutoka kisimani mpaka nyumbani, hakuangalia hata mti mmoja wa kahawa."